Mbwa anakusoma kila siku, nawe jifunze kumsoma

Mwaka 1914, wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na Bonn nchini Ujerumani, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa miaka 14,000 hivi iliyopita. Pamoja nao ilikuwamo mifupa ya mbwa mchanga wa miezi sita au saba. Miaka mingi baadaye meno yake yalichunguzwa, yakakutwa na alama za ugonjwa mzito, inavyoelekea distempa (ugonjwa hatari wa virusi vya mbwa), uliomrudia zaidi ya mara moja. Mbwa mwenye distempa hawindi wala halindi. Hata kusimama ni taabu. Ili avuke wiki zile, ilibidi mtu ampe maji, amtie joto, amfute matapishi. Faida hakuwa nayo wakati ule. Alitunzwa kwa kuwa alikuwa wao.

Tangu enzi hizo mwili wa mbwa umebadilika ili aishi nasi. Babu yake ni mbwa mwitu wa kijivu, lakini mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kusaga wanga, na hiyo ndiyo iliyomwezesha kula mabaki yetu. Juu ya jicho, upande wa pua, ana msuli unaonyanyua nyusi na kumpa yale macho ya kuomba. Kwa mbwa mwitu kwa kawaida kuna nyuzi chache tu mahali pale. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa utulivu, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, ileile inayowaunganisha mama na kichanga. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hali hiyo. Tena ukinyoosha kidole kuelekea bakuli lenye chakula, hata mtoto wa mbwa hufuata kidole chako, jambo linalowasumbua hata sokwe.

Kwa hiyo mbwa ameshafanya sehemu yake. Anajua mlio wa nyayo zako, anajua siku uliyorudi na hasira. Deni liko upande wetu. Wengi tunaofuga mbwa hatujui kumsoma, na matatizo mengi yanayowafanya watu wamtupe mbwa huanzia hapo: kung'ata, kubweka bila kukoma, kukojoa ndani, kutafuna viatu.

Kabla hajaingia nyumbani

Mbwa wa umbo la wastani huishi miaka 10 hadi 13. Wadogo hufika 15 na kupita, na wale majitu mara nyingi hawafiki 10. Jiulize nani atamlisha miaka yote hiyo, na nani atabaki naye mkisafiri. Jiulize pia saa: mbwa mzima asizoee kuachwa peke yake zaidi ya saa nne hadi sita mfululizo, na mtoto wa mbwa hawezi hata nusu ya hizo.

Kisha angalia kazi aliyozalishiwa. Border collie alizalishwa achunge kondoo kutwa. Ukimfungia uani bila shughuli atachunga watoto, baiskeli na hata kivuli chake mwenyewe. Mbwa wa pua bapa, kama pug na bulldog, njia zao za hewa zimebanwa. Kukoroma kwao wakiwa macho watu hukuona kunapendeza, kumbe ni mnyama anayehangaika kupumua, na joto la kawaida tu linaweza kumwua.

Ukimchukua mtoto wa mbwa, omba umwone na mama yake, tena pale wanapoishi. Mama mwoga au mkali ni taarifa muhimu kuliko karatasi yoyote. Asitoke kwa mama kabla ya wiki 8. Wiki za mwisho pale hucheza na ndugu zake, akimng'ata mwenzake kwa nguvu mwenzake hupiga kelele na kuacha kucheza, naye hujifunza kiasi cha nguvu ya taya. Aliyeondolewa na wiki tano hukosa somo hilo, na mikono yako ndiyo itakayolilipa.

Wiki zisizorudi

Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ubongo wa mbwa uko wazi. Alichokutana nacho wakati huo bila kuogopa hukiona cha kawaida maisha yote. Asichokutana nacho atakiona hatari. Baada ya hapo mlango haufungwi kabisa, ila unakuwa mzito. Hii ndiyo kazi ninayoona inadharauliwa kuliko zote.

Mpe kitu kipya kimoja au viwili kila siku, kwa dakika chache: mtu mwenye kofia, mwenye ndevu, mtoto anayekimbia, mwavuli unaofunguka, pikipiki, sakafu inayoteleza, ngazi, mlio wa radi uliorekodiwa kwa sauti ya chini. Msogeze kwa umbali ambao bado anaweza kula kipande cha chakula. Akikataa chakula anachokipenda, umekaribia mno. Rudi nyuma hatua kumi. Kumlazimisha "azoee" ndiko kunakozaa mbwa anayetetemeka akiona mwavuli akiwa na miaka mitano. Mguse pia makucha, masikio na midomo kila siku, umpe zawadi, ili siku ya daktari isiwe vita.

Kuna mvutano hapa: kipindi hicho chanjo zake hazijakamilika. Suluhisho ni kumbeba mikononi au kwenye kikapu, kumkutanisha na mbwa waliochanjwa wenye afya tu, na kumwepusha na ardhi wanapopita mbwa wasiojulikana. Kumfungia ndani hadi wiki ya 16 humkinga na virusi lakini humharibu tabia.

Chanjo ya distempa, pavo (virusi vinavyomharisha na kumtapisha mbwa hadi kufa) na homa ya ini huanza wiki ya 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka atimize wiki 16. Watu huuliza mbona nyingi. Maziwa ya kwanza ya mama yana kingamwili, na kingamwili hizo huizima chanjo kabla haijafanya kazi. Zinaisha siku tofauti kwa kila mtoto wa mbwa, wengine wiki ya 8, wengine ya 15, kwa hiyo tunarudia ili dozi mojawapo ikute nafasi. Kosa la kawaida ni kuacha baada ya dozi ya pili, wiki ya 12, kwa kuwa "ameshachanjwa". Wengi wanaokufa kwa pavo miezi michache baadaye ni hao. Dozi nyingine ifuate asipite umri wa mwaka mmoja, kisha kwa kawaida kila miaka 3; ile ya leptospira, bakteria wanaoenezwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, ni kila mwaka.

Pavo ikishaingia nyumbani kwako, virusi vyake vinaweza kukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini, kisha imwagiwe dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa 30 za maji, iachwe ikiwa majimaji kwa dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo. Usilete mtoto mwingine wa mbwa hapo kabla hajakamilisha chanjo zote.

Minyoo haingoji mbwa atoke nje. Mnyoo mviringo hupitia kondo la nyuma na maziwa, ndiyo maana dawa huanza wiki ya 2 na kurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi sita, halafu walau kila miezi mitatu. Dozi ni kwa uzito. Panda mizani ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa. Kukisia uzito kwa macho ndiko kunakofanya dawa ionekane "haifanyi kazi". Mayai ya mnyoo huyu humdhuru binadamu pia, hasa mtoto anayechezea mchanga, kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku.

Kuhusu haja: miezi ya umri wake ongeza moja ndizo saa anazoweza kubana mkojo mchana. Wa miezi miwili ni saa tatu, tena akiwa ametulia. Mtoe anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza na kabla ya kulala, mahali palepale, usimame naye. Akimaliza, mpe zawadi hapohapo ndani ya sekunde mbili. Ukingoja mpaka mrudi ndani, umemlipa kwa kurudi ndani. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha jambo moja tu, kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, hivyo atakojoa nyuma ya kiti. Na usisafishe kwa dawa yenye amonia, kwani kwake inanuka kama mkojo. Tafuta ile yenye vimeng'enya (enzymes), vinavyovunjavunja mkojo.

Anachosema kabla ya kung'ata

"Aling'ata ghafla tu." Mara nyingi sana si kweli, alisema, hakuna aliyesikia. Mbwa asiyetaka jambo huanza kwa lugha ya chini: anageuza uso, analamba pua yake ilhali hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi, anainua mguu mmoja wa mbele. Asiposikilizwa anaondoka au anajikunyata, masikio yamelala nyuma, mkia chini. Kisha mwili unakakamaa, anaganda, weupe wa jicho unaonekana pembeni kama mwezi mwandamo. Halafu ananguruma. Halafu anakata hewa kwa meno bila kugusa. Kung'ata ndiko mwisho wa ngazi.

Usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Nasisitiza hili kuliko lolote kwenye makala hii. Ngurumo ni kengele. Ukimpiga kila akinguruma hutaondoa hofu, utaondoa kengele, na kesho atapanda kutoka kuganda moja kwa moja hadi kung'ata. Akinguruma, simama, mwondoe mtu au kitu kinachomtisha, kisha ukae utafute chanzo: bakuli lake, sikio linalouma, mgeni aliyemwinamia.

Mkia nao hudanganya wasioujua. Mkia unaotikisika si furaha daima. Ulio juu, mgumu, unaotetema kwa kasi ni onyo. Ulio wa usawa wa mgongo, unaoyumba kwa upana pamoja na kiuno, ndio wa salamu. Hata ile sura ya "najua nimekosa" si majuto. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilionyesha kwamba mbwa huitoa sura hiyo pale mfugaji wake anapomkaripia, awe amekosa au hajakosa. Anasoma hasira yako tu. Ndiyo maana kumpiga kwa kiatu kilichotafunwa saa mbili zilizopita hakumfundishi chochote kuhusu viatu.

Watoto wadogo hawaachwi peke yao na mbwa, hata yule mpole aliyekaa nanyi miaka minane. Asisumbuliwe akila, akilala, akiwa na mfupa au watoto wake. Kumkumbatia shingoni ni upendo kwa mtoto, ila kwa mbwa wengi ni kubanwa. Mfundishe mtoto amwite mbwa badala ya kumwendea, amkune kifuani sekunde tatu, kisha aache mkono. Mbwa akisogea karibu, anataka tena. Akibaki au akigeuka, basi.

Mnyororo

Kiumbe anayeogopa ana njia mbili: kuondoka au kupigana. Mnyororo unamwondolea moja. Ndiyo sababu mbwa afungwaye kutwa huwa mkali, na ukali huo watu huusifu kama ulinzi. Kwa kweli mbwa huyo hubwekea paka, upepo na jirani kwa sauti ileile, hadi hakuna anayeamka kumsikiliza. Mlinzi mzuri ni mbwa aliyetulia, anayewajua watu wa nyumba na kutofautisha lililo geni.

Uzio ndio jibu. Wakati uzio unajengwa, tandaza waya kati ya nguzo mbili, kamba iteleze juu yake, kivuli na maji vifikike, pasiwe na ukuta wala tawi la kujinyongea. Kola iingize vidole viwili chini yake. Kwa mbwa anayekua ikague kila wiki, maana kola iliyosahaulika huzama kwenye ngozi.

Atoke mara mbili kwa siku. Anayevuta kamba mvishe mkanda wa kifuani wenye pete mbele, na kila kamba inapokazika simama kama mti, ikilegea, endelea. Wiki mbili za uvumilivu hushinda miaka ya kuvutana. Mwache anuse pia. Dakika ishirini za kunusa humchosha kwa amani kuliko mbio za saa moja, kwa sababu pua ndiyo gazeti lake.

Bakuli

Mtoto wa mbwa hula mara nne kwa siku hadi miezi minne, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kikombe. Kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko ni mwanzo tu. Mwamuzi ni mbavu. Pitisha vidole ubavuni mwake: zikisikika kama mgongo wa kiganja chako ulionyooshwa, yuko sawa, kama vifundo vya ngumi, amekonda, kama upande wa ndani wa kiganja, amenenepa. Ukibadili chakula, changanya robo, nusu, robo tatu, kwa siku saba, la sivyo ataharisha.

Sumu kwake ni chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji na saumu, makadamia, pombe, na kitamu kinachoandikwa xylitol kwenye pakiti za bazoka na peremende. Kitamu hicho hushusha sukari ya damu ndani ya saa moja hata kwa kiasi kidogo. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Usimpe paracetamol wala ibuprofen. Na ukiwa na paka, soma kibandiko cha dawa ya kupe: permetrini ambayo mbwa huivumilia humwua paka.

Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Gari lililoegeshwa juani huwa tanuri kwa dakika chache. Akihema kwa kasi, ulimi mwekundu sana, anayumba, mmwagie maji ya baridi mwili mzima na kumpepea kwanza, ndipo umkimbize kwa daktari. Usimfunike taulo lenye maji. Linafungia joto ndani.

Kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Mbwa huchanjwa akiwa na wiki 12, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka hadi mitatu kulingana na chanjo na sheria ya mahali. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako ni kinga ya mtoto wa jirani.

Mtu aking'atwa, au mate yakigusa mchubuko, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa. Virusi vina ganda la mafuta, na sabuni hulivunja. Kisha iodini, kisha hospitali siku ileile, hata kama ni mkwaruzo. Usipake pilipili, mafuta wala majani, na usingoje uone mbwa atakuwaje ndipo uende. Mbwa mwenyewe, kama anaonekana mzima, atengwe na kuangaliwa siku 10. Virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na safari hiyo ndiyo muda mlio nao. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Na si kila mbwa mwenye kichaa ni mkali: wapo wanaokuwa wapole ajabu, taya limelegea, mate yanadondoka, kama aliyekwamwa na mfupa. Watu hutia mkono mdomoni kumsaidia.

Uzazi na uzee

Jike huingia joto takriban kila miezi sita au saba, kwa wiki tatu hivi. Mimba ni siku 63. Kama hujui kila mtoto atakwenda kwa nani, mfunge uzazi. Asiyefungwa, hasa mwenye umri mkubwa, aangaliwe wiki chache baada ya joto: akinywa maji kupita kawaida, akikosa hamu ya kula, akitoa usaha ukeni, kizazi kimejaa usaha, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Umri wa kumfunga ujadili na daktari, kwani mbwa wa umbo kubwa huhitaji kumaliza kukua kwanza.

Uzee huanza miaka 7 kwa wakubwa, 10 kwa wadogo. Anayechelewa kusimama, anayelamba goti moja kila mara, anayenguruma akiguswa kiunoni hajawa na hasira ya uzee, anaumwa. Maumivu hayo yana dawa. Tandika zulia penye vigae, mkate kucha, mpunguzie uzito. Masikio yake yanaweza kufa kabla ya macho, kwa hiyo mfundishe "kaa" na "njoo" kwa ishara ya mkono tangu ujana. Siku atakapoacha kusikia sauti yako, bado mtaelewana.

Ikifika mahali pa kujiuliza kama wakati wa kumpumzisha kwa sindano umefika, weka kalenda ukutani, siku njema alama moja, siku mbaya alama nyingine: alikula? alisimama mwenyewe? alikuja kukulaki? Siku mbaya zikishinda njema wiki mbili mfululizo, zungumza na daktari. Siku hiyo daktari huanza kwa dawa ya usingizi, kisha sindano ya pili husimamisha moyo, mara nyingi ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi, na misuli inaweza kuruka au pumzi moja ikatoka baada ya moyo kusimama. Mwili tu huo, yeye hasikii. Kaa upande wa kichwa chake, mkono wako karibu na pua, mpaka daktari aseme moyo umesimama.